Marehemu wa Arobaini na Moja

Nchi ninayoisimulia ipo, ila usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yetu iko mezani kwa Kamati, mwaka wa sita sasa, na wajumbe bado hawajaafikiana bahari iko upande gani. Jina la nchi nalo silitaji. Kulitaja kunataka kibali, na mwenye muhuri wa kibali alikwenda likizo nikiwa darasa la nne. Basi tuseme nchi yetu, twende.

Katika nchi yetu, aliyekufa vitani hahesabiwi kuwa amekufa mpaka awe na ukurasa wake katika Kitabu cha Ushindi. Ukipata namba ya ukurasa unakwenda Kata, unajaza fomu, unapewa Kibali cha Msiba, unatandika mikeka, watu wanakuja, mnalia. Utaratibu mzuri, hauna fujo. Asiye na ukurasa hakufa. Na askari ambaye hakufa, na nyumbani hajarudi, huyo serikali inamwita mtoro.

Baba yangu, Koplo Athumani Chilewa, hakuwa na ukurasa.

Vita vilipokwisha nilikuwa na miaka mitatu. Mama anasema mtu mmoja wa kikosi cha baba alipita akamwambia dirishani, "Shemeji, usimngoje," akaondoka bila kutaja jina lake. Mama akatandika, akaanza kulia. Hakufika mbali. Bwana wa Kata akaingia na daftari.

"Mama, unamlilia nani?"

"Mume wangu."

"Yupo ukurasa wa ngapi?"

"Sijui ukurasa. Najua hayupo."

"Basi huyo mtoro. Mtoro haliliwi, mama. Mtoro anatafutwa."

Akainama, akachungulia uvunguni mwa kitanda, akaandika kwamba ametafuta na hakuona. Akaaga vizuri. Mtu wa adabu zake.

Tangu siku hiyo mama yangu, Mwanahija, anamngoja mume ambaye anajua haji. Viatu vikipita njiani kwa haraka, anasimama. Akikaa, goti moja linatikisika mpaka alishike kwa mkono. Zamani alikuwa msusi, wanawake wanatoka mtaa wa tatu kumfuata. Akaacha. Alisema kichwa cha mtu kinataka vidole vilivyotulia, na vyake vilikuwa vinasikiliza mlangoni. Jambo moja tu alilotaka duniani ni kukaa chini siku tatu, alie, watu wamwambie pole, kisha ainuke. Hakutaka medali. Alitaka ukurasa.

Mwaka wa ishirini wa Ushindi ulipokaribia, Bunge likapitisha Sheria ya Kufunga Historia. Siku ya sherehe, saa kumi na mbili jioni, Kitabu kitafungwa kwa lakiri. Baada ya hapo, alisema Waziri, hakuna jambo litakaloruhusiwa kuwa limetokea. Wabunge wakapiga meza kwa furaha mpaka meza moja ikavunjika mguu. Mguu huo umo kitabuni, ukurasa wa mia tatu na kumi.

Meza ina ukurasa. Nikahesabu siku. Zilikuwa zimebaki kumi na tisa.

*

Hapo mimi nilikuwa nimeshafanya kazi Ofisi ya Historia mwaka wa nne, mhudumu wa chai na usafi. Nilikwenda kuiomba kazi hiyo kwa makusudi, maana Kitabu kilikuwa ndani ya jengo lile, na mimi nina subira. Mtu wa utumishi aliniuliza swali moja tu.

"Umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Safi sana. Huwezi kutuharibia historia."

Mwenye Kitabu, yaani anayekiandika, alikuwa Mwanahistoria Mkuu wa Taifa, Bwana Faraji Lukindo. Wakubwa kwenu wanamjua kwa sauti. Wakati wa vita alikuwa mwandishi wa redio, na akisema "Nikizungumza nanyi kutoka mstari wa mbele", akina mama walikuwa wanaepua sufuria jikoni wasikie.

Sasa, ili msimwonee, nieleze alivyofanya kazi. Kutoka mstari wa mbele mpaka mji mkuu ilikuwa safari ya lori siku tatu. Na taarifa yoyote ya vita ilitakiwa ipigwe muhuri na Mkaguzi wa Habari, aliyekaa mji mkuu kwa sababu za kiafya. Kwa hiyo habari za vita zilikuwa zinafika zimechacha. Bwana Lukindo akapata dawa: akawa anaviandika vita siku tatu kabla. Taarifa inakwenda, inapigwa muhuri, na siku inaposomwa redioni, vita navyo vinapigwa. Vikitofautiana, mwenye makosa ni vita. Makamanda walimpenda sana, maana bila nakala yake wengine hawakujua kesho wanashambulia wapi. Inasemekana hata adui alikuwa mpenzi msikilizaji.

Vita vilipokwisha Rais akasema, mtu aliyeweza kuandika mambo ambayo hayajatokea, atashindwa nini na yaliyokwisha tokea? Akampa ofisi, zulia na cheo.

Lakini kukaa hakuweza. Miaka yote niliyomjua, Bwana Lukindo alikuwa anazunguka meza. Aliandika wima, neno moja kila mzunguko, na zulia lilikuwa limekatika njia kama ya ng'ombe. Chai nilimpa akipita. Akirudi mara ya pili nilipokea kikombe. Watu wakija kumwona, walirudi makwao wanaumwa shingo.

*

Asije mtu akadhani aliandika peke yake. Kila Jumatano kulikuwa na Kikao cha Kukumbuka. Wajumbe kumi na wawili wanakaa, wanakumbuka, wanapiga kura. Mwenyekiti ni Dakta Dakta Sospeta Malugu. Huitwa mara mbili kwa sababu shahada alizopewa ni mbili, na ukisema Dakta moja tu unaandika barua ya kuomba radhi kwa ile uliyoiacha.

"Hoja ya kwanza," atasema. "Siku ya Uhuru mvua ilinyesha? Wanaokumbuka mvua, mikono juu."

Saba. Wanaokumbuka jua, watano. Mvua imenyesha, andika.

Siku moja mjumbe kijana alisema kwa woga kwamba yeye siku ya Uhuru alikuwa hajazaliwa. Dakta Dakta akamtuliza. "Ndiyo maana tunakuhitaji, ndugu mjumbe. Kumbukumbu zako hazijachafuliwa na kuwepo."

Mimi nilikuwa namimina chai, nangoja jina la baba litajwe. Miaka minne ya Jumatano. Nilisikia wakipigia kura rangi ya farasi ambaye hatukuwahi kuwa naye.

*

Kila siku saa moja asubuhi, kabla ya taarifa ya habari, redio ya taifa hupiga Mlio wa Ushindi. Ni bunduki, zilizorekodiwa Kilima cha Gongo saa ile ile vita vilipokwisha. Milio mitano inafuatana, kimya kidogo, halafu mmoja wa mbali. Huo wa sita tulifundishwa shuleni kwamba ni mwangwi, Mwangwi wa Ushindi, na katika mtihani ukiandika milio mitano unakosa. Ukisikika, nchi nzima inasimama. Kinyozi anamwacha mtu na ndevu upande. Mgonjwa anainuliwa na nesi. Ofisini kwetu alisimama hata aliyekuja kudai pensheni, na huyo alikuwa na mguu mmoja.

Bwana Lukindo, mtu asiyekaa, alikuwa anakaa.

Nililiona hilo mwaka wa kwanza, nikanyamaza. Mwaka wa pili nikaona kwamba anakaa kabla ya mlio wa kwanza na anainuka baada ya wa sita. Mwaka wa tatu nikaona midomo yake inahesabu. Zilipobaki siku kumi na tisa nikaona subira yangu nayo ina tarehe ya mwisho. Redio ikalia, akakaa. Milio ikaisha, akainuka. Nikasimama kwenye njia yake juu ya zulia na birika mkononi.

"Mzee, mbona ule mlio wewe unaukalia?"

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Pita, binti. Unanizuia."

"Baba yangu alikuwa Kilima cha Gongo. Koplo Athumani Chilewa."

Akazunguka meza upande wa pili ili asinipite. Akazunguka tena. Mzunguko wa tatu akafika mbele yangu, akasimama, na mikono ikabaki inatembea peke yake kwenye vifungo vya koti.

"Wizara iliniambia niandike arobaini," akasema. Sauti haikuwa ile ya redio. "Mashujaa arobaini. Waziri alisema chini ya arobaini ni ajali ya basi, zaidi ya arobaini ni uzembe. Nikaandika. Mnara nao ukaanza kuchongwa huku, viti arobaini vya mawe, kila shujaa na chake. Asubuhi ya siku yenyewe kamanda akahesabu maiti. Thelathini na nane."

"Wakapungua wawili."

"Akawatuma vijana wawili wakaangalie kama adui ameondoka."

"Alikuwa ameondoka?"

"Alikuwa hajaondoka."

Nikalitua birika chini.

"Basi hesabu ikatimia," akasema. "Saa tatu ikasomwa redioni. Vita vimekwisha, watu wamelala chini popote, hata viatu hawavui. Mimi nina taarifa imekamilika, ila haina mlio. Vita gani havina mlio? Nikamwambia koplo mmoja, hebu panda pale juu unipigie tano hewani, kinasa sauti kiko tayari. Akacheka. Akaniambia jina lake ili nimtaje. Akapanda, akapiga tano."

Akashika kifungo kimoja cha koti, akakizungusha.

"Ng'ambo ya pili," akasema, "kulikuwa na mtu akadhani vita vimeanza tena."

Mimi ule mlio nilikuwa nausimamia kila asubuhi tangu darasa la kwanza. Tuliupiga kwa makofi kabla ya wimbo wa shule, na kwa kuwa nilikuwa hodari wa kungoja, mwalimu alinipa ule wa sita niupige peke yangu.

"Mzee," nikasema, "kwa nini hukulitaja jina lake?"

"Saa tatu walitangazwa arobaini. Yeye amekufa saa nne na dakika kumi. Viti vyote vina watu. Binti, ningemkalisha wapi?"

Mimi ni la saba tu. Nikachukua birika langu. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Anataka nini?"

"Kulia."

"Tu?"

"Tu, mzee."

*

Jumatano iliyofuata akalipeleka Kikaoni. Nasema kweli, alilieleza vizuri, bila kupamba, huku akizunguka wajumbe mgongoni mpaka wawili wakageuza viti. Alipomaliza wakampigia makofi. Dakta Dakta Malugu akafuta miwani.

"Maelezo mazito, yenye hisia. Sasa tuulizane kama yametokea. Hoja: Koplo Chilewa amekufa?"

"Mimi napendekeza amekufa, ila siyo siku ile," akasema mjumbe wa kwanza. "Mwezi mwingine wowote. Miezi ipo mingi."

"Kama kafa vita vimeshaisha, huyo ni marehemu wa kawaida," akasema wa pili. "Apelekwe Idara ya Afya."

"Na ule mlio je?" akauliza wa tatu. "Tuwaambie watoto wa shule kwamba huo mwangwi ni risasi ya adui? Kwamba kila asubuhi nchi inasimama kumheshimu mlenga shabaha wa watu?"

"Suala la msingi ni viti," akasema Dakta Dakta. "Viti ni arobaini, na ni vya mawe. Mnataka marehemu asimame?"

Wakatafakari. Bwana Lukindo akasimama, kwa maana ya kuacha kutembea. "Ndugu wajumbe, mimi nilikuwepo."

"Tunajua, Bwana Lukindo, na hatukulaumu," akasema Dakta Dakta kwa upole.

Hapo mjumbe mmoja, mama wa makamo aliyekuwa hajasema neno tangu mwaka uanze, akanyoosha kidole. "Kwa upande wa waliokufa tumejaa. Lakini kwa walio hai kuna nafasi. Mashujaa Walio Hai walikuwa kumi na wawili, mmoja ameteleza bafuni mwezi jana."

Chumba kikachangamka. Mikono ikapanda kumi na mmoja. Wa Bwana Lukindo ulibaki kwenye vifungo.

"Kwa kura kumi na moja," akasema Dakta Dakta, "Koplo Athumani Chilewa yu hai, na anapewa ukurasa wa mia nne na mbili. Siku ya sherehe atafika uwanjani kuvishwa nishani. Asipofika itabidi tumhesabu mtoro." Akanigeukia. "Binti, hongera sana. Baba yako amefufuka."

"Ahsante, Dakta Dakta," nikasema. "Niongeze sukari?"

*

Mama alipoisikia habari akakaa chini. Goti likaanza, akalishika kwa mikono miwili.

"Yaani sasa ndiyo hata kukonda kwa ajili yake siruhusiwi," akasema mwisho. "Nikionekana sina raha wataniuliza nina kisa gani, na mume ninaye."

Siku nne kabla ya sherehe gari la Kamati likasimama nje. Akashuka bwana wa Kata, yule yule mwenye daftari, amezeeka kidogo. Nyuma yake kijana wa miaka kama thelathini na mmoja, amevaa magwanda ya jeshi yaliyombana kwapani.

"Mama Chilewa," akasema bwana wa Kata, "mumeo huyu hapa. Weka sahihi."

Yule kijana akatazama chini. Akamtazama mama. Adabu ikamshinda.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

"Bado, mama."

"Koplo," bwana wa Kata akamnong'oneza kwa ukali, "huyu mkeo."

"Samahani, mama. Mke wangu. Bado sijanywa."

Alikuwa dereva wa Idara ya Uvuvi. Walimchagua kwa urefu. Aliagizwa akae kwetu awe mume mpaka sherehe zipite, na kwa siku zote nne alilala barazani, akateka maji, akarekebisha mlango wetu uliokuwa unakwaruza, na kila asubuhi alimwamkia mama shikamoo, kisha anajipiga paji la uso. Siku ya tatu alimwuliza, "Mama, hivi huyu mzee mwenyewe alikuwaje? Wataniuliza nijue la kujibu."

Mama akamwongezea chai. Akaniambia baadaye, "Siwema, nimetafuta cha kumwambia nikakosa. Miaka ishirini namsikilizia arudi, sikupata nafasi ya kumkumbuka."

Mimi kesho yake nikamwambia Bwana Lukindo habari za dereva, wakati nampa kikombe akipita. Nilidhani atacheka, maana wote ofisini walicheka. Hakukirudisha kikombe. Alizunguka nacho mpaka saa za kufunga.

*

Siku ya Ushindi uwanja ukajaa. Ratiba ilikuwa imechapishwa: Gwaride, Mashairi, Vigelegele vya Ghafla (dakika tatu), Mashujaa Walio Hai, Hotuba, Kufunga Historia. Mbele kabisa walikaa akina mama na wajane wa wale arobaini, sare za kijani. Hao Kibali cha Msiba walikuwa wamepewa zamani, lakini kibali chao kilisema, mama wa shujaa halii, hupiga vigelegele. Kwa hiyo miaka ishirini wao walikuwa wanapiga vigelegele. Mmoja sauti ilishamkauka, anachezesha ulimi tu.

Anayetangaza, nani tena? Bwana Lukindo. Kipaza sauti kilikuwa kwenye mlingoti, hawezi kuzunguka; akawa anahama mguu mmoja kwenda wa pili kama mtu anayekanyaga moto. Dakta Dakta Malugu pembeni yake na nishani kwenye sinia. Redio inarusha nchi nzima.

Majina yakasomwa. Wazee wakapanda mmoja mmoja, mwingine kwa kubebwa. Kumi na moja. Kisha wa kumi na mbili.

"Koplo Athumani Chilewa."

"Nipo!" akaitika dereva, akapanda mbio, akapiga saluti ya mkono wa kushoto.

Bwana Lukindo akamtazama. Akaacha kuhama miguu. Mimi nilikuwa nimekaa na mama safu ya sita, nikamwona alivyotulia kuanzia chini kwenda juu, miguu, mikono, mpaka uso.

"Rudi, kijana," akasema, na kipaza sauti kikasema naye. "Huna kosa. Ndugu wananchi, huyu siye. Koplo Chilewa amekufa. Alikufa Kilima cha Gongo saa nne na dakika kumi asubuhi, vita vimekwisha, kwa sababu mimi nilitaka mlio wa kuwaletea redioni. Hakutoroka. Mnamsikia kila siku saa moja. Mitano ni yake. Wa sita ndio uliomuua."

Dereva akavua kofia, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Ni kweli," akasema. "Mimi wa Uvuvi."

Redioni, wanasema, ilipigwa bendi. Lakini uwanjani hakuna kilichopigwa. Nikasikia pembeni yangu goti la mama limeacha kutikisika. Akainuka, akafungua kanga ya juu, akaitandika pale pale mbele ya benchi kwenye vumbi, akakaa. Na akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia kama mtu aliyezuiwa kikohozi miaka ishirini.

Aliyefuata kuangua kilio alikuwa yule aliyekaukiwa sauti, kumbe ipo. Akafuata jirani yake, na jirani wa jirani, na safu nzima ya sare za kijani ikashuka chini. Arobaini wote wakaanza kuliliwa kwa pamoja, kwa majina, siyo majina ya Kitabuni, yale ya nyumbani. Mwanamke mmoja alikuwa anamwita mwanawe Kijukuu.

Dakta Dakta Malugu alikuwa mtu wa kazi. Akakamata kipaza sauti. "Wananchi wanalia kwa furaha!" akatangaza. "Dakika tatu!"

Ilikwenda mpaka saa kumi.

*

Saa kumi na mbili jioni Kitabu kilifungwa kama ilivyopangwa, maana lakiri ilikuwa imeshayeyushwa. Wajumbe walikuwa wamekutana kwa dharura chini ya jukwaa. Wakakumbuka, kwa kura zote, kwamba nchi haijapata kuwa na mwandishi wa vita wala mwanahistoria aitwaye Faraji Lukindo. Barabara iliyokuwa na jina lake ikapewa jina la barabara inayofuata, kwa hiyo tuna mbili za jina moja na barua hazifiki. Mtu mmoja aliuliza, sasa Kitabu kimeandikwa na nani? Dakta Dakta akasema kimejiandika, na huo ndio uthibitisho wa ukweli wake. Baba amebaki ukurasa wa mia nne na mbili, mzima wa afya.

Asubuhi nikaenda Kata kuomba Kibali cha Msiba. Bwana wa Kata akafungua daftari, akafunga.

"Siwezi, binti. Kitabuni yu hai, na Kitabu kimeshafungwa."

"Watu wameshaanza kuja, mzee. Wako barazani."

Akakuna kichwa kwa kalamu. Akatazama mlangoni. Akavuta fomu nyingine, akaandika taratibu, akagonga muhuri. Kilikuwa Kibali cha Sherehe. Chini aliongeza kwa mkono wake: *bila muziki*.

Tukakaa msiba siku tatu kwa kibali cha sherehe. Sare za kijani zilikuja zote, wamevaa nguo zao za kawaida. Mmoja alileta mchele, wengine majani ya chai na kuni. Dereva wa Uvuvi alikuwa amekwisha fukuzwa kazi, akawa anapokea wageni mlangoni na kuonyesha wanaume pa kukaa, na mtu akimwuliza yeye ni nani wa marehemu, anasema, "Ni habari ndefu, karibu ndani."

Siku ya tatu mchana akaja Bwana Lukindo. Koti halikuwa na kifungo hata kimoja. Akasogea mpaka mbele ya mama, akasimama, akavuta pumzi, na nikaisikia ile sauti ya zamani inapanda kooni kwake.

"Katika asubuhi ile tukufu, kwenye mteremko wa Kilima cha..."

"Usinitangazie, kaka," akasema mama. "Niambie tu."

Akafunga mdomo.

"Niambie nini, dada?"

"Alikuwa amekula?"

Bwana Lukindo akatazama watu, akatazama mikono yake. Hilo hakuna aliyekuwa amewahi kumwuliza, na hakuwa ameliandika popote.

"Alikuwa na muhogo wa kuchoma," akasema. "Mmoja. Nilimwambia wahi, akasema subiri. Akaukata katikati, akanipa mimi kile kipande kikubwa."

Mama akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyo huyo."